Saa za Mwanafunzi ni za Nani? Darasa na Uwanja Vinapogombana

Mwezi wa tano ukielekea ukingoni, shule za sekondari za Tanzania hubanwa pande mbili. Mwalimu wa taaluma anakimbizana na mada zilizobaki ili wanafunzi waingie kwenye mitihani ya katikati ya mwaka, huku kidato cha nne wakisubiriwa na mtihani wa utamilifu ambao wote huuita moko. Mwalimu wa michezo naye ana barua ya halmashauri inayotaka majina ya watakaoingia kambini kujiandaa na mashindano ya shule za sekondari, UMISSETA, kwanza ngazi ya mkoa, halafu taifa. Mara nyingi jina moja linaonekana kwenye orodha zote mbili: mfungaji wa netiboli anayetegemewa ndiye huyohuyo anayetakiwa kubaki jioni kwa masomo ya ziada ya Hisabati. Kenya nako muhula wa pili huja na kandanda, voliboli na netiboli, na washindi wa taifa huenda mwezi wa nane kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki, wakati mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, uko mlangoni. Hapo ndipo walimu wanaokaa ofisi moja huanza kutupiana maneno, na mwanafunzi huitwa huku na huku kuulizwa anachagua nini, swali ambalo mtoto wa miaka 16 hakupaswa kuulizwa peke yake.

Ugomvi huu huelezwa kana kwamba ni wa imani: huyu anaamini vitabu, yule anaamini mpira. Lakini ukiwasikiliza kwa makini, ni nadra kumkuta mwalimu wa Fizikia anayesema michezo haina maana, au kocha anayetaka mchezaji wake afeli. Wanachogombania ni saa za mtoto mmoja, na kila mmoja anazigombania kwa nguvu kwa sababu kazi yake hupimwa kwa nusu tu ya mtoto huyo. Ndiyo maana nasema mgogoro hautaisha kwa kumpa ushindi mmoja wao, wala kwa kumwongezea mwanafunzi masharti. Utapungua pale mkuu wa shule, mwenye mamlaka juu ya wote wawili, atakapozigawa saa hizo kabla msimu haujaanza, akaweka wazi nani atalipa vipindi vitakavyopotea, na akawapima mwalimu na kocha kwa mtoto mzima.

Tuanze na vipimo, maana ndiko moto unakotoka. Mwalimu wa somo hupimwa kwa matokeo ya Baraza la Mitihani. Januari 2023 Baraza liliacha kutangaza orodha ya shule bora, lakini matokeo ya kila shule bado yako wazi, na wazazi, maafisa elimu na wamiliki wa shule binafsi wanajua kuhesabu divisheni wani na ziro bila kusaidiwa na mtu. Kipimo hicho hakina safu ya mchezo. Kwa miaka mingi somo la Haiba na Michezo lilikuwa kwenye ratiba ya shule za msingi lakini halikuwamo kwenye mtihani wa darasa la saba, na somo lisilotahiniwa ndilo rahisi kumegwa pale mwalimu mwingine anapotaka muda wa ziada. Kocha naye hupimwa kwa kombe, na kombe halina safu ya alama za Kemia. Ndiyo sababu malalamiko ya mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi halali au waliozidi umri, hayaishi kwenye mashindano ya shule. Kipindi cha michezo kilichomegwa na mamluki aliyeingizwa kwenye timu ni watoto wa baba mmoja: watu wanafanya kile wanachohesabiwa na kuacha wasichohesabiwa. Kumlaumu mwalimu kwa roho mbaya au kocha kwa tamaa ni kuacha chanzo na kushika matokeo.

Jambo la pili ni kuzitazama hizo saa zenyewe, kwa sababu pande zote mbili huzitaja bila kuzihesabu. Chukua shule ya sekondari yenye vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku. Mazoezi yakianza saa kumi jioni, baada ya kipindi cha mwisho, na kwisha saa kumi na moja na nusu, mwanafunzi hapotezi hata kipindi kimoja kwa mwaka mzima. Lakini akikaa kambini wiki tatu za masomo, amepoteza vipindi 120, sawa na saa 80. Na hasara hiyo haijasambaa kidogokidogo. Imekatwa kipande kizima. Kwenye Historia mwanafunzi anaweza kuazima daftari la mwenzake akasoma alichokosa. Kwenye Hisabati, aliyeondoka wakati darasa linaanza milinganyo ya kipeo cha pili akarudi liko kwenye logariti, daftari la kuazima litamwonyesha majibu bila kumfundisha njia, na kila mada inayofuata itakuwa imejengwa juu ya ile asiyoijua. Kwa hiyo mwalimu anayelalamikia mazoezi ya jioni anapiga pasipo na kidonda, na kocha anayejitetea kwamba wachezaji wake hufanya mazoezi baada ya masomo tu anaacha kutaja kambi na safari. Ugomvi wa kila siku ni wa jioni. Hasara iko kwenye wiki za kutokuwepo.

Tofauti hiyo ndiyo inayotusaidia kusoma tafiti zinazotajwa na watetezi wa michezo. Katika mji wa Trois-Rivières, jimbo la Quebec nchini Kanada, miaka ya 1970 wanafunzi wa shule za msingi waliongezewa karibu saa moja ya elimu ya viungo kila siku, muda uliokatwa kutoka masomo mengine, na alama zao hazikuwa chini ya za wenzao waliobaki na ratiba ya kawaida. Mchumi wa Marekani Betsey Stevenson, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, alitumia sheria ya mwaka 1972 iliyozilazimisha shule za nchi hiyo kuwapa wasichana nafasi sawa, michezo ikiwemo. Alikuta kwamba jimbo lililoongeza ushiriki wa wasichana katika michezo ya shule kwa pointi 10 za asilimia liliongeza pia wasichana wanaofika chuo kwa pointi 1 hivi ya asilimia. Huo ni ushahidi mzito, kwa sababu majimbo yalibanwa na sheria. Hayakujichagulia wasichana waliokuwa tayari na bidii. Mwalimu anayesema mshika mbili moja humponyoka inabidi ajibu matokeo hayo. Lakini kocha naye asiyatumie kupita kiasi. Trois-Rivières walichunguza elimu ya viungo ya darasa zima, na Stevenson alichunguza kushiriki michezo iliyo sehemu ya maisha ya kawaida ya shule. Hakuna kati yao aliyepima mtoto anayeondolewa darasani wiki tatu ili awakilishe mkoa. Tafiti zinatetea michezo. Hazitetei pengo la kambi.

Historia ya Afrika Mashariki nayo ina mifano, mradi tuisome kwa tahadhari. Filbert Bayi aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, akapata medali ya fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alisoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso, na baadaye akaanzisha shule Kibaha zinazobeba jina lake. Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alisoma Marekani hadi shahada ya uzamivu na akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Majina haya yanathibitisha kwamba njia mbili zinaweza kupitwa na mtu mmoja. Hayathibitishi kwamba kila anayejaribu hufika, kwa kuwa waliokosa vyote viwili, medali na cheti, hawaandikwi na yeyote. Mfano unaofundisha zaidi ni wa shule ya St. Patrick's, Iten, Kenya. Bradha Colm O'Connell alifika hapo kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha Jiografia, akajikuta kocha, na katika mikono ya shule ile wakapita watu kama Peter Rono, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mwaka 1988. Kuna mambo mawili ya kuangalia pale Iten. Mwalimu na kocha walikuwa mtu mmoja, hivyo aliyeijua kasi ya mwanafunzi uwanjani aliijua pia hali yake darasani. Na kambi zake za vijana, zilizopata sifa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zilifanyika wakati wa likizo. Watu huitafuta siri ya Iten kwenye mwinuko wa ardhi na kwenye damu ya wakimbiaji. Kwa suala letu, iliyo ya kuigwa ni ile kalenda.

Wapo watakaosema dawa ni fupi zaidi: futeni mashindano, mtoto abaki na kitabu. Tanzania ilikwisha kuijaribu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilisimamisha mashindano ya UMITASHUMTA, ya shule za msingi, na UMISSETA kwa hoja kwamba yanavuruga masomo, na baada ya serikali ya awamu ya nne kuingia madarakani mwishoni mwa 2005, mashindano yakarudishwa. Kurudishwa huko kunaeleza jambo. Marufuku huondoa mashindano, haiondoi kipaji wala hamu ya kucheza. Kijana asiyechezea shule anachezea timu ya mtaa, kwenye mechi za mchangani, mbele ya kocha asiyejua yuko kidato cha ngapi na asiyewajibika kwa yeyote shuleni. Mwalimu aliyetaka kumrudisha darasani anakuwa amempoteza machoni kabisa. Isitoshe, kwa mwanafunzi wa wastani mdogo, timu ya shule huenda ndiyo sababu pekee inayomfanya aamke na kuvaa sare. Kuifuta kwa jina la taaluma ni kumsukuma nje yule ambaye taaluma ilikuwa inamtafuta.

Dawa ya pili ni ya masharti: asiyefaulu asicheze. Jimbo la Texas liliifanya sheria mwaka 1984. Mwanafunzi aliyefeli somo alizuiwa kushiriki michezo kwa wiki sita, na mwaka 1995 muda huo ukapunguzwa hadi wiki tatu. Kanuni hii inavutia kwa sababu ni rahisi na inaonekana ya haki. Kasoro yake ni kwamba inaacha vipimo vya wakubwa kama vilivyo na kumtwisha mtoto mzigo wote. Alama sasa inakuwa kibali cha kucheza, na kila anayetaka kombe ana sababu ya kuisukuma. Marekani imeonyesha mwisho wa njia hiyo katika ngazi ya vyuo. Mwalimu Jan Kemp wa Chuo Kikuu cha Georgia alifukuzwa kazi baada ya kupinga wanariadha waliofeli kupitishwa, akashinda kesi yake mwaka 1986. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 ulikuta kwamba kwa takriban miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,000, karibu nusu yao wanamichezo, walipewa alama kwa kozi zisizo na vipindi, ambazo kazi yake ilikuwa insha moja isiyosahihishwa na mhadhiri yeyote. Sharti la ufaulu lilikuwepo kwenye vyuo hivyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama mwanafunzi amefundishwa. Sharti linafaa pale tu linapokuja na msaada, na linapotoka kwa mtu ambaye mchezaji anamsikiliza. Mwaka 1999 kocha Ken Carter wa Richmond, California, aliwafungia wachezaji wake milango ya uwanja wa mpira wa kikapu huku timu ikiwa haijapoteza mchezo, kwa sababu baadhi yao walikuwa wamevunja mkataba wa masomo waliousaini pamoja na wazazi wao. Kilio kilikuwa kikubwa, lakini alionyesha kitu ambacho walimu wetu wa taaluma husahau: kocha ana sauti kwa mtoto ambayo wao hawana. Kumfanya adui ni kuitupa sauti hiyo.

Upande wa makocha nao una pingamizi lenye uzito. Kipaji kina umri wake, wanasema. Mtihani unaweza kurudiwa, lakini miguu ya miaka 17 hairudi. Kwa michezo michache, kama sarakasi za viungo, wako karibu na ukweli. Kwa kandanda na riadha, ambayo ndiyo inayobeba ndoto nyingi za vijana wetu, kumbukumbu zinasema vingine. Mbwana Samatta alijiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akaenda Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na 23, na akacheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020. Kanuni za FIFA zinakataza, isipokuwa kwa sababu maalumu, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5000 mwaka 2003 akiwa na miaka 18, na hakuna ubishi kwamba huko ni kuwahi. Lakini rekodi zake za dunia za marathoni aliziweka Berlin mwaka 2018 na 2022, akiwa na miaka 33 na 37. Mlango wa mchezo unafunguka karibu na umri ambao sekondari inakwisha, na unabaki wazi miaka mingi baada ya hapo. Kidato cha nne, kinyume chake, kina tarehe. Kurudia kunawezekana, ila kwa familia nyingi kunategemea fedha ambazo hazipo. Na ikumbukwe nani anabeba hatari: msimu ukienda vibaya kocha ana msimu mwingine, matokeo yakiwa mabaya mwalimu ana darasa jingine. Mwanafunzi aliyechanika kano za goti akiwa na ziro mkononi hana pengine. Kwa sababu hiyo, panapokuwa na shaka ya kweli, darasa litangulie.

Je, mitaala mipya haijalimaliza jambo hili? Kenya, chini ya mfumo wa umilisi, imeweka sanaa na sayansi ya michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, kwa wanafunzi walioanza gredi ya 10 mwaka 2026. Ni hatua ya maana, kwa kuwa mchezo umepata safu kwenye kipimo. Lakini mwanafunzi wa njia hiyo bado ana masomo mengine, na kambi bado itamwondoa darasani. Tena kuna hatari ya njia ya michezo kugeuzwa jalala la walioonekana dhaifu, wakati fiziolojia, lishe na tiba ya majeraha vinadai akili ileile inayodaiwa na Biolojia. Na wachezaji wengi watabaki kwenye njia nyingine: mlinda mlango anayetaka uhandisi hahitaji kubadilishiwa njia, anahitaji ratiba.

Kwa hiyo kazi inarudi mezani kwa mkuu wa shule, na inapaswa kufanyika Januari, kabla barua za kambi hazijafika. Aketi na mwalimu wa taaluma na mwalimu wa michezo wakiwa na kalenda moja. Waandike wiki ambazo hakuna safari, hasa zile za mitihani. Waandike kwamba kidato cha nne wanacheza mashindano ya karibu, na kwamba kambi ya mkoa au taifa kwa mtahiniwa inahitaji saini ya mzazi pamoja na mpango wa masomo uliotajwa kwa tarehe. Waandike pia nani atafidia vipindi. Hapa ndipo mipango mingi hufa, kwa sababu shule humwambia mwanafunzi akirudi ajitafutie madaftari, kana kwamba alikwenda kutembea. Amekwenda kwa jina la shule, basi vipindi hivyo ni deni la shule. Msafara wa mkoa huwa na kocha na matroni. Hakuna kinachozuia kuongeza mwalimu wa Hisabati na saa mbili za usiku chini ya taa. Taarifa ya kocha mwishoni mwa muhula iwe na alama za wachezaji wake, na ya mwalimu wa taaluma ionyeshe wachezaji wamefidiwa vipindi vingapi. Pale ambapo mwanafunzi anasoma kwa ufadhili wa kipaji, ufadhili usikatwe kwa sababu ameumia au amekataa kambi ya wiki ya mtihani. Vinginevyo kila ruhusa tunayosema ametoa ni ya kulazimishwa.

Itasemwa kwamba mkuu wa shule naye hupimwa kwa matokeo, hivyo atapendelea darasa. Ni kweli, na ndiyo sababu makubaliano yaandikwe mapema na kuwekwa mbele ya bodi na wazazi, ili siku basi linapowasha injini jambo lisiamuliwe kwa hasira ya mtu wala kwa presha ya kombe. Itasemwa pia kwamba walimu hawatoshi na fidia ni gharama. Hilo nalo ni kweli, lakini gharama ipo vyovyote vile. Leo inalipwa na mtoto kwa cheti chake, kwa sababu ndiye pekee asiyeweza kukataa. Shule isiyo na uwezo wa kuzilipa saa za mwanafunzi haina haki ya kuzikopa, na ikubali kupeleka wachezaji wachache au kwa siku chache. Mzazi anayeletewa fomu ya kambi asiisaini kwa fahari peke yake, wala asiichane kwa hofu. Aulize kwanza: mtoto akiwa huko, nani atamfundisha anachokosa, na lini? Akipewa jina na tarehe, asaini. Asipopewa, aikatae.